Pingamizi la Shangazi

Kwa miaka thelathini na moja Shangazi alisimamia mitihani, na katika miaka hiyo alikamata majibu yaliyoandikwa ndani ya bandeji, chini ya nyayo, kwenye karatasi ya pipi, na safari moja kati ya meno ya kitana. Wanafunzi walimwita Darubini. Alijua wanamwita hivyo na hakukasirika. Alipita taratibu kati ya madawati, viatu vyake vya mpira havitoi hata mlio, akiitafuta dalili moja aliyoiamini kuliko zote: mtoto anayeiba mtihani hutulia kupita kiasi.

Alipostaafu, darubini haikustaafu. Fundi bomba akisema bomba limepasuka lenyewe, yeye alitaka aoneshwe pa kupasukia. Daktari akimwandikia vidonge, aliuliza vile vya mwezi uliopita vilikosa nini. Watu wa ukoo walimvumilia na kucheka pembeni, maana walijua, au walidhani wanajua, shaka hizo zilishamgharimu nini. Akiwa na miaka ishirini na sita aliolewa na mpima ardhi mmoja mpole wa maneno. Baada ya miaka minne yule bwana alikwenda mahakamani kuomba talaka, akamweleza hakimu kwamba hawezi kuishi na mwanamke anayenusa mashati yake na kuzihesabu siku zake za safari kama askari wa gereza. Shangazi hakubisha. Tangu siku hiyo, kwa miaka thelathini na miwili, kila fomu iliyomuuliza hali yake ya ndoa aliiandikia "mtalaka" kwa mwandiko wake mzuri, na hakuolewa tena.

Sasa kaka yake mkubwa alikuwa na mtoto wa kiume, mfamasia wa hospitali, ambaye likizo zake zote za utotoni alizimalizia kwa Shangazi. Kijana huyo alipokuja kumtambulisha mchumba, Shangazi alimkagua binti kama karatasi ya majibu iliyo safi mno. Alikuwa fundi wa lifti, miaka thelathini na mitatu, kucha fupi, mikono yenye nguvu. Aliulizwa maswali kumi na saba, mfamasia aliyahesabu kwa vidole chini ya meza, akayajibu yote bila kuyarukia wala kukwama.

"Ametulia mno," Shangazi alimnong'oneza kaka yake wageni walipoondoka.

Kaka akacheka. "Angebabaika ungesema kababaika. Mwache kijana aoe, dada."

Haikupita wiki. Shangazi alikuwa kwenye foleni ya kupima macho, akakutana na mwenzake wa zamani, mwalimu wa jiografia, akamwonesha picha ya wachumba. Mwalimu wa jiografia aliisogeza picha mbali, akaileta karibu.

"Huyu si aliolewa? Nilikuwepo harusini kwake, nilikaa meza ya tatu. Ina miaka sita hivi. Lakini bwana alikuwa mwingine, mwenye mabega mapana."

"Una hakika?"

"Nimekuja kupima macho, sijaja kupima akili."

Shangazi aliiacha zamu yake ya kupima macho, akaenda moja kwa moja ofisi ya msajili wa ndoa. Ukutani, nyuma ya kioo chenye vumbi, yalibandikwa matangazo ya watu wanaokusudia kuoana. Kila tangazo hukaa siku ishirini na moja ili mwenye neno aseme. Alilipata la mtoto wa kaka yake. Bwana: hajaoa. Bibi: hajaolewa. Alilisoma neno la mwisho mara tatu. Liliandikwa kwa wino wa buluu, herufi zimesimama wima, bila kusitasita hata kidogo. Moyo ukamdunda kwa namna aliyoizoea, namna ya kumwona mtoto wa dawati la nyuma akikunja mkono wa shati.

Aliingia ndani. Msajili alikuwa na mafua na leso imekunjwa kando ya muhuri.

"Nataka kuweka pingamizi."

"Wewe ni nani kwa wahusika?"

"Shangazi yake bwana harusi."

Msajili alishusha pumzi kama mtu aliyeshaona mashangazi wengi. "Sababu?"

"Bibi harusi ni mwongo."

"Hiyo sheria haiitambui, mama."

"Basi andika aliwahi kuolewa."

"Kuwahi kuolewa si kizuizi. Kizuizi ni kuwa na mume sasa hivi."

"Kama kaficha kwamba aliolewa, nitajuaje hajaficha kwamba bado ana mume?"

Msajili alimtazama kidogo, akaipiga muhuri fomu ya pingamizi. Alisema binti ataandikiwa aje ajibu.

Binti hakungoja barua. Kesho yake alasiri alibisha hodi kwa Shangazi, bado yumo ndani ya ovaroli la kazi, begi la vifaa begani. Alisema shikamoo, akavua viatu mlangoni, akakataa kukaa mpaka alipotandika gazeti kwenye kochi ili asilichafue. Kisha akatoa bahasha ya plastiki na kuiweka mezani.

"Msajili kanipigia simu. Shangazi, ungeniuliza mimi."

"Nilikuuliza maswali kumi na saba."

"Hilo hukuuliza."

Ilikuwa kweli, na ilimuudhi Shangazi. Akaitoa karatasi ndani ya bahasha. Hakuanza na maneno, alianza na muhuri. Akaenda nao dirishani, akauelekeza kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye ukingo wake. Ulikuwa muhuri halali wa mahakama. Ndipo akasoma. Haikuwa hati ya talaka. Iliitwa amri ya kubatilisha ndoa.

"Hii ndiyo talaka ya siku hizi?" aliuliza.

"Hapana. Hata mimi nilidhani ni kitu kimoja, mpaka wakili wangu akaniweka chini." Binti alifuta mikono kwenye ovaroli ingawa ilikuwa mikavu. "Talaka inasema mlikuwa mume na mke, kuanzia leo basi. Ndoa ilikuwepo, imevunjwa. Hii inasema haikuwepo tangu siku ya kwanza. Yule bwana aliponioa kwa ndoa ya serikali, ile ya mke mmoja, alikuwa na mke mwingine wa ndoa kama hiyohiyo, mzima, na hawajaachana. Aliyefungwa na ndoa ya mke mmoja hawezi kufunga nyingine juu yake. Anaweza kutia sahihi mpaka mkono uchoke, ni kazi bure."

"Na ile harusi? Meza zote zile?"

"Ilikuwa sherehe."

Shangazi aliyatafuta machoni mwa binti yale ambayo macho ya waongo hufanya. Hakuyaona, akazidi kuuliza. "Kwa hiyo kila aliyechoka na mumewe akimbilie huko, aitwe hajaolewa?"

"Huwezi. Kuchoka ni mambo ya talaka. Huku lazima uoneshe kasoro iliyokuwepo siku ile ya kufunga ndoa. Ana mke mwingine, au ulilazimishwa, au umri haujatimia, au ni ndugu wa damu. Kwa kasoro nyingine, ndoa inahesabika mpaka mahakama iibatilishe. Ya kwangu ilikuwa batili tangu wino haujakauka, mahakama ilitamka tu." Akavuta pumzi. "Kwenye fomu nimeandika ukweli, Shangazi. Na mchumba wangu anajua yote. Mimi ndiye niliyemwomba asikuambie mpaka nikuambie mwenyewe, halafu kila nikija nakosa pa kuanzia."

"Ulijuaje kwamba ana mke?" Shangazi aliuliza. Alilitupa swali hilo kama mtego wa mwisho.

"Mikunjo ya pasi. Alikuwa na safari za kikazi, siku nne huku, siku nne kule. Mashati yakirudi yana mikunjo miwili kwenye mkono. Mimi nikipiga pasi siachi mkunjo hata mmoja. Nikamuuliza, akasema ni dobi wa hotelini. Nikaenda kwenye hoteli hiyo. Haina dobi."

Shangazi aliketi.

Kilichomjia ni shati la kaki, kifungo cha tatu kutoka juu. Mpima ardhi alirudi kutoka kwenye vipimo vya wiki mbili, na kifungo hicho kilikuwa kimeshonwa upya, uzi umepita kwa alama ya msalaba. Yeye Shangazi tangu utotoni hushona kifungo kwa mistari miwili inayokwenda sambamba. Alimuuliza mumewe, akaambiwa kambini kuna mpishi hodari wa sindano. Aliwauliza watu wa kambini, nao wakamwambia mpishi ni mzee asiyeweza hata kutunga uzi. Alipolipeleka jambo hilo kwa wazazi, mbele ya watu wa ukoo, ukumbi mzima uliangua kicheko, na aliyecheka zaidi ya wote ni kaka yake. "Kifungo, dada? Unataka kuvunja nyumba kwa kifungo?" Na kwa kuwa wote walicheka, hata yeye mwenyewe siku moja alianza kuamini kwamba ana kasoro kichwani.

"Shangazi? Nimekukosea?"

"Hapana," alisema. "Niachie jina la wakili wako."

Asubuhi iliyofuata aliliondoa pingamizi. Msajili alifurahi mpaka akapiga chafya. Lakini Shangazi hakutoka. Aliuliza kumbukumbu za ndoa za zamani hutunzwa wapi, za wilaya ile ambayo mpima ardhi alifanya kazi kabla hajahamishiwa kwao. Akaelekezwa jengo la nyuma, chumba kirefu chenye rafu za chuma na karani aliyevaa glavu za pamba kwa sababu ya vumbi.

"Mwaka gani?" karani aliuliza.

"Sijui. Niletee mitano."

Alisoma vitabu hivyo kama alivyokuwa akisahihisha, rula chini ya mstari, mstari baada ya mstari. Saa sita mchana karani alimletea maji. Saa nane alisimama. Alikuwa amelipata jina la mpima ardhi, majina yake matatu yote, na tarehe iliyoitangulia ndoa yake Shangazi kwa miaka miwili na miezi mitano. Ndoa ya mke mmoja. Safu ya mwisho, ambamo huandikwa kama ndoa imevunjwa au mwenzi amefariki, ilikuwa tupu.

"Tupu maana yake nini?"

Karani aliinama. "Maana yake bado ipo. Labda talaka ilitolewa na haikuletwa kuandikwa. Ngoja." Akaenda kwenye kompyuta, akabofya kwa kidole kimoja, akarudi. "Haipo talaka. Tena mke aliyeandikwa hapa, mwaka juzi aliomba nakala ya cheti. Bado ni mke wake."

Shangazi alitabasamu, tabasamu chungu la mtu aliyejua. Kisha kwa mazoea tu, maana asiyemaliza ukurasa hajasahihisha, akaangalia sahihi za mashahidi. Ya kwanza ya mtu asiyemjua. Ya pili ilikuwa na mkia mrefu uliopinda kwa chini kama ndoano. Hakuhitaji kusoma jina lililo pembeni, lakini alilisoma. Lilikuwa la kaka yake.

Kwa muda hakuelewa, kisha akaelewa kila kitu kwa mpigo. Kaka yake alikuwa msaidizi wa mpima ardhi, mbeba mnyororo wa vipimo, kwenye wilaya ileile. Ni kaka yake aliyemleta yule bwana nyumbani na kusema nimekupatia mchumba mwenye kazi nzuri. Miaka yote hii Shangazi aliwashuku mafundi, madaktari na watoto wa watu. Kaka yake hakumshuku hata siku moja.

Alimkuta akipaka rangi geti kwa ajili ya harusi ya mwanawe, kopo la kijani miguuni, brashi mkononi.

"Kaka, ulikuwa shahidi wa ndoa ngapi ujanani?"

Brashi ilisimama. Hakuuliza kwa nini anaulizwa. Alitulia, akatulia kupita kiasi, na Shangazi akaona dalili ileile aliyoitafuta miaka thelathini na moja kwenye nyuso za watoto.

"Nani kakuambia?"

"Sahihi yako."

Kaka aliweka brashi juu ya kopo, ikaangukia mchangani, asiiokote. Alisema mpima ardhi alimwambia kwamba wameshaachana na yule mwanamke.

"Talaka uliiona?"

"Sikuuliza. Alikuwa bosi wangu, dada. Alikuwa ananipandisha cheo."

"Na nilipokuja na kifungo?"

"Siku ileile nilimfuata nikamuuliza. Akaniambia nikifungua mdomo tunakwenda jela wote, yeye kwa kuoa mara mbili, mimi kwa kujua na kunyamaza. Mtoto wangu alikuwa na miaka miwili."

"Ukarudi ukumbini ukacheka."

"Nikacheka."

"Na talaka? Ni wewe uliyenishika mkono ukaniambia nikubali kimyakimya."

"Ilikuwa njia nyepesi." "Kwenye talaka hakimu anauliza tu kama mnaweza kuishi pamoja. Ungedai kubatilisha, angeuliza huyu bwana ana mke gani mwingine na nani anajua. Tuliona bora useme hamkupatana."

"Hatukusema hatukupatana. Mlisema nina wivu."

Kaka alianza kusema kitu kuhusu harusi ya Jumamosi, kuhusu aibu, kuhusu umri wao. Shangazi alinyoosha kiganja kumkatiza.

"Harusi itakuwepo na mimi nitakuja. Baada ya hapo utakuja mahakamani kusema haya uliyoniambia, kwa mpangilio huuhuu. Na nitakuwa nasikiliza."

Harusi ilifanyika. Shangazi alikaa upande wa bibi harusi, na watu wakadhani amekosea viti. Mwezi uliofuata yeye na mke wa mfamasia walikwenda kwa wakili, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, aliyewaeleza kwamba ndoa ya namna hii haizeeki ikawa halali, hata ikipita miaka mingapi. Mpima ardhi alipelekewa hati ya madai. Alijibu kwa barua ya mistari miwili kwamba hana la kupinga. Shangazi aliisoma barua hiyo mara nyingi kuliko ilivyostahili, akitafuta ujanja ndani yake. Alimwomba wakili ahakikishe ni mwandiko wake. Alihakikisha.

Kaka alipanda kizimbani na koti lake la harusi. Alisema yote. Alipofika kwenye kicheko alisita, na wakili akamwambia aendelee. Hakimu alisoma nakala ya kitabu cha ndoa, akasoma hukumu ya zamani ya talaka, akavua miwani.

"Mahakama ile ilivunja ndoa kwa kudhani ipo," alisema. "Haikuwepo. Hii leo natamka ni batili tangu mwanzo, na talaka ile naiondoa, kwa sababu huwezi kumwacha mtu ambaye hakuwa mkeo."

Kuhusu kosa la kuoa mara mbili, alisema jalada litapelekwa kwa wanaohusika. Kesi yote haikumaliza saa moja.

Nje, kwenye ngazi, mke wa mfamasia alimkumbatia na kumuuliza anajisikiaje. Shangazi alifikiri kabla ya kujibu. Alitegemea mzigo ungemtoka, na kweli ulimtoka, lakini mahali pake palibaki hasira ambayo zamani alikuwa akijielekezea mwenyewe, na sasa ilikuwa na anwani nyingine. Miaka minne ya ndoa ingeweza kufutwa kwa mstari mmoja. Hii thelathini na miwili iliyofuata hakuna hakimu aliyeulizwa.

"Bado," alimjibu. "Bado kitu kimoja."

Jumapili hiyo aliwaita watu wa ukoo nyumbani kwake, wale waliokuwepo siku ya kifungo na ambao bado wako hai, na watoto wao, na wake wa watoto wao. Viti havikutosha, wengine wakakaa kwenye ngazi. Hakueleza chochote. Alimwelekeza kaka yake katikati ya chumba, mahali ambapo kila mtu anamwona, akasema kaka ana neno.

Kaka alisimama huku ameshika mikono nyuma. Mfamasia alimtazama baba yake, kisha akatazama sakafu.

"Dada yangu hakuwa na wivu," kaka alisema, karibu kwa kunong'ona. "Alikuwa sahihi. Mumewe alikuwa na mke mwingine. Mimi nilijua, na nilicheka ili ninyi mcheke."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa ukoo alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kutoka kona ya mbali mjomba wao mzee, ambaye masikio yake yalishachoka siku nyingi, aliegemea mbele juu ya fimbo na kuuliza kwa sauti, "Kasema nini huyo?"

Kaka alimgeukia Shangazi, macho yakimwomba amsaidie. Shangazi alikunja mikono kifuani, akangoja. Basi kaka akavuka chumba, akapiga magoti kando ya kiti cha mzee, akaweka mdomo karibu na sikio lake, na akayasema tena yote tangu mwanzo, safari hii kwa kupaza sauti.